Kuishi na Sukari Tarbaj: Insulini, Joto na Saumu

Tarbaj mtu akilalamika kiu, hakuna anayeshtuka. Kabla ya mvua za masika joto la mchana katika Kaunti ya Wajir hupita nyuzi 35, na kila mtu, mzima na mgonjwa, hunywa maji kila anapoyapata. Mwaka wa ukame watu hukonda pamoja na mifugo yao. Ndiyo maana ugonjwa wa sukari hujificha huku kwa urahisi zaidi kuliko Nairobi: kiu na kukonda, dalili zake mbili kubwa, hapa ni mambo ya kila siku.

Kwa hiyo usiiamini kiu peke yake. Angalia mkojo. Mwenye kiu ya jua hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa njano iliyokolea. Mwenye sukari hukojoa sana, mkojo mweupe kama maji, na usiku huamka mara mbili au tatu hata kama mchana hakupata maji ya kutosha. Ukiongeza hapo macho yanayoona ukungu, vidonda visivyopona au ganzi ya nyayo, nenda ukapimwe.

Kwa watoto hakuna kungoja. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia, akakonda kwa wiki chache huku anakula, kisha akawa mlegevu na kuanza kutapika, apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama mtaa mzima unasema ni malaria au taifodi. Akianza kupumua kwa nguvu na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, damu yake tayari imejaa asidi, na safari ya hospitali ni ya saa hiyo, si ya kesho asubuhi.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole. Zahanati au kituo cha afya kitaweza kukupima, na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii nchini Kenya walianza kukabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima sukari. Muulize wa kijiji chenu kama anayo na kama vijiti vyake vya kupimia havijaisha. Kabla ya kula asubuhi, sukari ya mtu mzima wa afya huwa chini ya 5.6. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, huo ni ugonjwa wa sukari. Kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1 pamoja na dalili, ni hivyo hivyo. Kama mashine yako inaonyesha namba kubwa kama 126 au 200, inatumia kipimo kingine. Gawanya kwa 18 utapata hizi ninazozitaja.

Homoni zinazovutana

Ukielewa nani anapandisha sukari na nani anaishusha, nusu ya maagizo ya daktari utayafahamu bila kukariri. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni mbili. Sukari ikipanda baada ya kula, hutoa insulini, inayoifungulia sukari njia ya kuingia kwenye misuli na mafuta, na kuliagiza ini liiweke akiba. Sukari ikishuka, hutoa glukagoni, nayo huliagiza ini litoe ile akiba. Kwa hiyo mtu mzima wa afya aweza kulala usiku kucha, au kufunga kutwa, na sukari yake isiyumbe sana.

Pembeni kuna homoni nyingine za dharura, adrenalini na kotisoli, zinazotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Homa, kidonda kinachooza, hofu, maumivu, hata usiku wa kukesha na msiba, vyote huziamsha, na zikiamka sukari hupanda hata kama hukula kitu. Hili ni jambo la kale sana katika maumbile. Kaa wa mikoko kule Lamu hana kongosho kama yetu, lakini ndani ya vikonyo vya macho yake kuna tezi yenye homoni ya kupandisha sukari. Ukimtoa majini akakosa hewa, homoni hiyo humwagika na sukari ya damu yake hupanda. Wanasayansi waliigundua homoni ya namna hiyo mwaka 1944. Kiumbe akibanwa, mwili wake humtafutia sukari ya kujiokoa. Mwenye insulini ya kutosha, sukari yake hupanda na kushuka. Wewe usiye nayo, yako hupanda na kubaki juu.

Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, kinga ya mwili imeziua seli zinazotengeneza insulini, na bila sindano hakuna maisha. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili hauitikii ipasavyo, na kadiri miaka inavyopita kongosho huchoka. Vidonge vyaweza kutosha kwa miaka, kisha ikabidi kuongeza sindano. Wako wazee wanaoikataa sindano kwa sababu jirani alidungwa akafa. Mara nyingi jirani huyo alikuwa ameichelewesha. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipodungwa insulini mjini Toronto, mtoto mwenye aina ya kwanza hakuwa na tiba ya kumwokoa. Dawa unayoiogopa ndiyo ile iliyokomesha vifo hivyo.

Insulini bila friji

Hapa ndipo watu wa Tarbaj, Kotulo, Wargadud na Sarman hukata tamaa. Karatasi ya dawa inasema iwekwe kati ya nyuzi 2 na 8. Nyumbani hakuna umeme, au upo wa sola ya kuchajia simu tu. Basi mgonjwa hurudishwa kwenye vidonge visivyomfaa, au huambiwa ahamie mjini Wajir karibu na hospitali.

Jibu lilipatikana karibu sana na sisi. Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti jirani ya Garissa, ina joto kama letu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na wagonjwa huko wasio na friji, ambao iliwabidi waende hospitalini kila siku, wengine zaidi ya mara moja, ili wadungwe. Shirika hilo na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambini: usiku karibu nyuzi 25, mchana hadi 37. Kisha wakaziweka aina kadhaa za insulini katika joto linalopanda na kushuka hivyo hivyo kwa wiki nne. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba insulini hiyo ilikuwa sawa na iliyokaa kwenye friji. Nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Mwaka 2023 jopo la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba duniani, nalo liliona kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa za aina fulani za insulini zaweza kukaa katika nyuzi 37 hadi miezi miwili bila madhara ya maana.

Maana yake kwako ni kwamba kukosa friji si sababu ya kukosa insulini. Chupa unayoitumia itakaa nyumbani wiki nne ukiitunza kivulini. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua, na wiki nne zikipita itupe hata kama imebaki. Chupa za akiba, kama kituo cha afya kina friji, omba zikae huko uchukue moja moja.

Lakini nyuzi 37 za kivulini ni tofauti na jua. Chupa iliyoachwa mbele ya dereva wa Probox, kwenye mzigo juu ya basi au chini ya bati saa nane mchana itapata joto kubwa kuliko hilo, nayo huharibika. Ukisafiri, kaa nayo mwenyewe ndani ya gari, imefungwa kwenye nailoni kisha kitambaa chenye unyevu. Baridi kali nayo huiua: insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Usiiweke kwenye friza ya duka la soda wala kuigusisha na barafu.

Nyumbani tumia chungu. Chukua vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubakiza nafasi ya vidole viwili. Jaza nafasi hiyo mchanga safi, kisha umwagie maji mpaka ulowe. Weka chupa kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, kikopo ndani ya chungu cha ndani, na juu funika kitambaa kibichi. Kiweke mahali penye kivuli na upepo, juu ya kigoda au mawe, mbali na jiko. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto, na upepo mkavu wetu husaidia sana kazi hiyo. Mwagia mchanga asubuhi na jioni. Maji yaliyonawiwa mikono yanatosha. Ukikosa vyungu, kikopo kilichozungushiwa gunia bichi na kuning'inizwa penye upepo ni bora kuliko kabati la mabati.

Kabla ya kuvuta dawa, inua chupa uitazame kwenye mwanga. Insulini ya kazi ya haraka huwa angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au vipande, itupe. Ile ya muda wa kati, na ile ya mchanganyiko ambayo wengi hupewa, kwa kawaida huwa nyeupe kama maziwa mepesi. Izungushe taratibu kati ya viganja, bila kuitikisa kwa nguvu, mpaka weupe uenee sawasawa. Ukiona madonge yanayoelea, au chembe nyeupe zimeng'ang'ania kioo cha ndani, imeharibika. Na ikiwa macho hayaoni kasoro yoyote, lakini sukari yako imepanda siku mbili tatu bila sababu, ishuku dawa na uombe chupa mpya.

Mashine ya kupimia nayo huumizwa na joto. Vijiti vikae ndani ya kikopo chao, kifuniko kimebanwa, kwenye kivuli. Nawa mikono kabla ya kujichoma: kidole kilichoshika tende au sukari ya chai kitakupa namba ya uongo, nawe utaongeza dawa usiyoihitaji.

Sukari ikishuka

Sukari iliyopanda mara nyingi huua polepole. Iliyoshuka yaweza kuua kabla ya adhuhuri. Chini ya 3.9 ni hatari. Utatetemeka, utatoka jasho la baridi, moyo utakwenda mbio, utashikwa na njaa ya ghafla au hasira isiyo na sababu. Ukichelewa, utaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na watu watadhani ni jini au jua.

Hapo kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida nusu chupa ndogo, au kula tende tatu ndogo. Maziwa ya ngamia hayafai kwa dharura hii kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikipanda, kula chakula. Mtu aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni kwenye kituo cha afya.

Mchungaji awe na sukari mfukoni siku zote. Kutembea kilomita nyingi kwenda kisimani huifanya misuli imeze sukari bila kungoja insulini, na joto huharakisha dawa kufyonzwa kutoka chini ya ngozi. Siku ya safari ndefu usijidunge pajani. Jidunge tumboni, kula kabla ya kuondoka, na mwambie unayechunga naye jinsi ya kukusaidia. Miraa inaleta shida yake: inaondoa njaa ukasahau kula, inafuatana na soda na chai tamu, na moyo kwenda mbio kwa miraa hufanana mno na dalili za sukari kushuka. Mwenye kutumia insulini aiache miraa.

Na viatu. Ndala nyembamba hazizuii mwiba wa mgunga, na mguu wenye ganzi hausikii ukichomwa. Kila jioni osha miguu, ikaushe katikati ya vidole, na itazame nyayo. Asiyeona vizuri atazamiwe na mtoto. Kidonda kidogo kiende zahanati kikiwa bado kidogo.

Chai, maziwa na mengineyo

Chakula cha wafugaji wenyewe, nyama, nyirinyiri, maziwa, hakina ubaya mkubwa kwa sukari. Kilichobadilisha mambo ni sukari ya duka, wali, pasta, na anjera ya unga mweupe. Chai ndiyo ya kwanza kurekebisha. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni karibu gramu 4. Vikombe vitano vya vijiko vitatu vitatu ni gramu 60 kwa siku kabla hujagusa chakula. Kwa kuwa sukari huchemshiwa birikani pamoja na majani, kukataa huwa vigumu. Mwombe anayepika akutolee kikombe chako kabla hajatia sukari. Kwa wali na pasta, punguza nusu ya sahani na ujaze nafasi hiyo kwa nyama, maharagwe au mboga zikipatikana.

Wengi huuliza kama maziwa ya ngamia ni dawa. Kuna utafiti wa India, huko Bikaner, ulioonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina ya kwanza waliokunywa maziwa hayo kila siku walihitaji insulini kidogo kuliko awali. Walikuwa wachache, na hawakuacha kujidunga. Maziwa ya ngamia ni chakula kizuri, kunywa bila kutia sukari, ila hesabu kwamba nayo yana sukari yake ya asili, na yachemshe, kwa maana homa ya bruselosi ipo kwenye mifugo yetu. Yeyote anayekuambia uyanywe uache sindano anahatarisha roho yako.

Ramadhani

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kilele cha joto. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na sheikh aliye karibu nawe atakueleza kulipa au kulisha maskini. Mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo mbovu, na aliyelazwa hivi karibuni kwa sababu ya sukari, madaktari humshauri asifunge. Sioni ushujaa katika kufunga kwa namna inayompeleka mtu hospitalini siku ya tatu.

Anayetaka kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla. Dozi hubadilishwa: kwa kawaida kubwa huhamia wakati wa kufuturu na ya daku hupunguzwa, lakini kiasi chake kipangwe na mhudumu anayekujua. Wanaotumia glibenklamidi wawe waangalifu zaidi ya wa metformini, kwa kuwa dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu. Kula daku mwishoni kabisa mwa muda wake, na iwe maharagwe, mtama, mayai, vitu vinavyokaa tumboni. Futuru kwa tende moja au mbili na maji, halafu chakula. Sambusa na sharubati zisiwe ndiyo mlo.

Pima mchana. Wanazuoni na madaktari walioandaa mwongozo wa kimataifa wa Ramadhani na kisukari wamekubaliana kwamba kujichoma kidole hakubatilishi saumu. Pima asubuhi, adhuhuri, alasiri, na wakati wowote ukijisikia vibaya. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, fungua papo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi isikike.

Siku ya kuugua

Ukiwa na homa au unatapika usiache insulini kwa sababu tu hukula. Zile homoni za dharura zinapandisha sukari yako ukiwa umelala. Pima kila baada ya saa nne, kunywa maji kidogo kidogo, na mtafute daktari kama kutapika hakukomi. Ikiwa familia inahama na mifugo, nenda kliniki kabla ya safari uombe dawa ya muda wote mtakaokuwa mbali, pamoja na barua inayoeleza dozi zako ili kituo chochote cha njiani kiweze kukuhudumia.

Ukiambiwa huwezi kupewa insulini ya kwenda nayo nyumbani kwa kuwa huna friji, mweleze mhudumu kwa heshima kuhusu utafiti wa Dagahaley, mwonyeshe jinsi utakavyoitunza kwenye chungu, na umwombe akuandikie chupa ya wiki nne. Ni haki yako kuomba hivyo, na utafiti katika joto kama hili umekwisha kuthibitisha kuwa inawezekana.